Nimpeleke mama Kindu: kuna nini cha kuona mjini, mtoni na kule Kasongo?

Mwalimu wa Katuba anauliza:

Nawasalimu wote. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na swali langu ni la safari. Mama yangu alizaliwa Kibombo, katika mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, akaletwa huku mwaka 1958 akiwa na miaka sita, babu alipohamishwa na kazi ya reli, na tangu siku ile hajarudi. Likizo kubwa ijayo, Julai na Agosti, nimekusudia kumrudisha, tufuatane na mwanangu wa kiume mwenye miaka 15, tufike mpaka Kindu, mji mkuu wa mkoa huo, na tukae huko siku kumi hivi.

Kinachonisumbua ni kwamba kila ninayemwuliza habari za Kindu hunijibu kwa maneno matatu, "Kule kuna mto," kisha hugeuza mazungumzo. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba Livingstone alifika Nyangwe kando ya mto Lualaba, kwamba Stanley alianzia hapo kuteremka mto, kwamba Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo, na kila mwaka naona aibu kidogo, kwa sababu nayasema kama mtu anayesoma ramani ya nchi ya wengine, ilhali ni nchi ya mama yangu. Naomba aliyefika anieleze. Mjini Kindu kwenyewe kuna nini cha kumwonyesha mama mwenye umri na kijana asiyeweza kukaa kitako? Nyangwe na Kasongo panafikika, na mtu akifika anaona kitu au anaona majani tu? Halafu kuna suala la treni au ndege, ambalo nyumbani tumelibishania hadi mke wangu amekataa kulisikia tena.

Mzee wa Njanja anajibu:

Mwalimu, nimefanya kazi ya reli miaka 31, na ninaishi hapa Njanja, Kamalondo, ambako usiku bado nasikia mabehewa yakigongana, kwa hiyo niruhusu nianzie mwisho wa swali lako. Ukimpeleka mama kwa ndege, atafunga mkanda, atafungua mkanda, basi, na Kibombo itakuwa imepita chini ya mawingu. Kwa treni mtapita Likasi na Tenke, mtashuka hadi Bukama ambako mtakutana na Lualaba kwa mara ya kwanza, mtapanda Kamina, halafu njia inageukia kaskazini-mashariki kupitia Kabongo hadi Kabalo, ambako mto mtaurudia tena ukiwa umenenepa, kisha Kongolo, Kibombo na Kindu. Kipande cha Kamina hadi Kabalo kilikamilika mwaka 1956. Kabla ya hapo reli ya huku na reli ya kule hazikuwa zimeshikana, kwa hiyo babu yako alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo walioweza kuhama na familia yote, na kuku pia, bila kuacha njia ya chuma.

Lakini usimwahidi mtu siku ya kufika. Njia ni moja, gari linalokuja lazima lisubiri linalokwenda, na daraja likihitaji kukaguliwa mtalala hapo hapo mlipo. Mimi nimewahi kufika Kindu kwa siku sita, na nimewahi kufika kwa siku kumi na saba. Beba unga wa bukari, yaani ugali, bitoyo, wale samaki wa chumvi, mafuta, jiko dogo la makaa, godoro jembamba la mama, na maji mengi kuliko unavyodhani. Vituoni akina mama huja na ndizi, mihogo ya kuchemsha na samaki wa moshi, ila mnapowafikia saa nane za usiku wanakuwa wamelala kama binadamu wengine.

Sasa Kindu yenyewe. Huwezi kuuelewa mji ule usipojua kwa nini uko pale. Kutoka Kongolo kwenda chini mto una maporomoko na ule mlango mwembamba wa mawe ambao wazungu waliuita mlango wa jehanamu, ambapo maji mapana yote yanabanwa kati ya kuta mbili, na meli haipiti. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902 na Baron Empain wa Ubelgiji, ikajenga reli ya kilomita 355 ili kuzunguka balaa hilo, na mahali ambapo maji yanatulia tena ndipo palipowekwa bandari. Wakoloni waliuita mji huo Port-Empain. Mzigo ulishuka kwenye gari, ukapanda meli hadi Ubundu, ukashuka tena, ukapanda treni nyingine kupita kando ya maporomoko ya Boyoma hadi Kisangani. Kwa hiyo mwonyeshe kijana kituo, karakana, na reli inavyokwenda kukutana na gati, kwa kuwa mji mzima ulizaliwa katika zile hatua chache za kuhamisha magunia. Omba ruhusa kabla hajatoa simu kupiga picha bandarini. Ni dakika tano za maneno ya heshima, na bila hizo ni mchana mzima wa kujieleza.

Mama mpeleke Alunguli. Kindu ina komini tatu, yaani sehemu tatu za mji, Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto wa mto, na Alunguli ng'ambo ya kulia, na watu huvuka mchana kutwa. Akae katikati ya mtumbwi na ashike ubao. Mpiga kasia hatakata mto moja kwa moja. Kwanza ataambaa na ukingo akipanda juu, taratibu, mpaka mgeni adhani amesahau anakokwenda, kisha ataelekeza pua ya mtumbwi katikati na kuuacha mkondo uwachukue, na mtatua pale pale alipokusudia tangu mwanzo. Nimeona wahandisi wakilisifu jambo hilo. Rudini saa kumi na moja jioni, jua linapoingia upande wa mjini na maji yanapogeuka rangi ya shaba. Mji wenyewe mtaumaliza kwa siku mbili, na siku zilizobaki ni za juu ya mto.

Bibi wa Mchele anajibu:

Mzee wa Njanja amesema vizuri, nami nitachukua pale alipoachia. Mimi ni mzaliwa wa Kasongo, nauza mchele hapa Lubumbashi, katika soko la komini yetu iitwayo Kenya, na mwaka juzi nilikwenda nyumbani kwa msiba wa kaka yangu nikakaa miezi miwili.

Mwalimu, jibu la swali lako la majani ni ndiyo, utaona majani, lakini inategemea unaona nini ndani yake. Kasongo ya leo siyo Kasongo ya Tippu Tip. Mji wa zamani ulikuwa mahali panapoitwa Tongoni, na wewe mwalimu unajua Kiswahili cha kutosha kujua kwamba tongo ni mahali palipohamwa, panapobaki misingi na kumbukumbu. Jina lenyewe ni kibao cha maelezo. Hakuna jumba wala ngome iliyosimama. Kuna miembe. Miembe mikubwa, mizee, isiyoota ovyo kama ya porini bali kwa mistari, na ukisimama chini yake ukatazama mbele unaelewa kwamba umesimama barabarani, na kwamba nyumba zilikuwa kulia na kushoto, zenye baraza. Mzee wa pale alinitembeza akinionyesha kwa fimbo: hapa ua, hapa kisima, hapa makaburi, msipite na viatu. Watafiti wa akiolojia, Wakongomani pamoja na wageni, wamechimba Tongoni miaka ya karibuni na kuwasikiliza wazee, kwa hiyo si hadithi za jioni tu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tukiwa tunarudi, mtoto wa kike wa miaka minane hivi alifungua kiganja na kunionyesha ushanga mmoja wa kioo, wa buluu, mdogo kuliko punje ya mahindi, tundu lake limejaa udongo mwekundu. Mvua huziosha, alisema, nao huziokota njiani kuelekea mtoni. Alitaka nimpe pesa. Nilimpa biskuti na nikamwomba ampelekee mwalimu wake. Nakusihi umwonye kijana wako mapema: asinunue ushanga, asinunue kipande cha sahani, asiokote kitu na kukitia mfukoni. Kitu kikitoka pale, hakuna atakayejua tena kilikuwa kwenye nyumba ya nani.

Mambo mengine ya wakati ule hayako ardhini, yako sahanini na mdomoni. Mchele ninaouza uliletwa Maniema na watu wa pwani na waungwana wao, na hadi leo mtu wa Kasongo akikukaribisha kwa bukari bila wali anahisi hajakukaribisha. Uislamu ulikuja nao pia, na saa ya adhana utaisikia Kasongo na Kindu kuliko mahali pengi katika nchi hii. Kiswahili chao nacho kitamfurahisha mama. Sisi wa Lubumbashi tunakipinda, tunakitia Kifaransa na Kibemba. Wao watakusikiliza kwa upole, kisha mtoto mdogo atakusahihisha ngeli.

Nyangwe ni habari nyingine, na hapo naomba usiende kama mtu anayekwenda kutalii. Livingstone alifika pale mwishoni mwa Machi 1871 akitafuta mitumbwi ya kuvukia, kwa kuwa alidhani Lualaba ndiyo mwanzo wa Nile, na kwa miezi zaidi ya mitatu hakuipata. Alichokipenda ni soko. Wanawake walikuja kwa mamia kutoka ng'ambo, na samaki, na vyungu, na mafuta, na aliandika kwamba starehe yao kubwa ilikuwa kubishana bei. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wenye bunduki, wafuasi wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe, waliingia sokoni, mmoja akagombana juu ya bei ya kuku, na risasi zikaanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi kwenye kijito, mitumbwi ikabanana, wakajitupa majini wakielekea kisiwa kilichokuwa mbali mno. Wenye bunduki wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo.

Nimekuelezea kwa urefu kwa sababu ninyi walimu mnafundisha kwamba "alifika Nyangwe" na mnaendelea na somo. Mimi nilipokwenda sikuonyeshwa sanamu wala kibao. Nilikuta akina mama wanauza, mitumbwi imefungwa, na mmoja akinipandishia bei ya samaki kwa sababu ya viatu vyangu. Nilinunua bila kubisha, kisha nikarudi nikabisha, kwa sababu niliona kubisha ndiyo heshima.

Kuhusu njia: kutoka Alunguli hadi Kasongo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200 kwa pikipiki, na mgongo wa mtu wa zaidi ya miaka 70 haustahili adhabu hiyo. Wengi wanaotoka kwa treni hushukia Samba, wakavuka mto na kuingia Kasongo. Ningekuwa wewe ningemwacha mama Kibombo kwa ndugu zake, ambao hata hivyo hawatamruhusu aondoke baada ya siku moja, nikaenda na kijana Samba, Kasongo na Nyangwe, kisha nikarudi kumchukua tuelekee Kindu pamoja. Kapu la mwisho la ushauri: mwenye mtumbwi wa injini aliyenivusha alichukua nauli yote kwanza, petroli ikatuishia katikati ya maji, tukateremka na mkondo karibu saa mbili hadi tukakwama kwenye mchanga. Lipa nusu. Nusu nyingine ilipwe ukiwa umekanyaga nchi kavu.

Msomaji wa Ruashi anajibu:

Nasahihisha jambo moja dogo, Mwalimu, kwa kuwa unafundisha. Stanley hakuanza kuteremka mto kutoka Nyangwe. Aliondoka hapo tarehe 5 Novemba 1876 kwa miguu kupitia msituni, pamoja na Tippu Tip aliyekuwa amekubali kumsindikiza hatua sitini za safari kwa dola 5,000, na baada ya wiki mbili za matope na giza ndipo alipoufikia mto tena na kuamua kuufuata. Kabla yake, mwaka 1874, msafiri Mwingereza Cameron alipima pale Nyangwe kimo cha maji juu ya usawa wa bahari, akakuta kiko chini kuliko Nile kule Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo. Kwa kuwa maji hayapandi mlima, hoja ya Livingstone ikafa kwa kipimo kimoja. Wanafunzi hupenda sana hesabu hiyo.

Ongeza pia tarehe za vita vya Dola Huru ya Kongo na Waswahili: majeshi ya Dhanis, ofisa wa Dola hiyo, yaliichukua Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Tippu Tip mwenyewe alikuwa ameshaondoka, akafa Zanzibar mwaka 1905, akiwa ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, ambazo ungeweza kuwasomea darasani bila mkalimani. Na Kindu kwenyewe kuna kumbukumbu ya karibu zaidi ambayo wazee husimulia kwa sauti ya chini: tarehe 11 Novemba 1961 wanajeshi 13 wa anga wa Italia, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa pale. Usiulize habari hiyo siku ya kwanza.

Mwalimu wa Katuba anajibu:

Nimewasoma wote mara mbili, na nusu ya kwanza nimemsomea mama. Msomaji wa Ruashi, nimekubali kosa. Nimelifundisha hivyo kwa miaka 19. Bibi wa Mchele, tarehe 15 Julai tutakuwa huko huko, na sikuwa nimelitambua hilo.

Limebaki suala la kijana. Yeye anasema historia ni ya baba, anataka wanyama na msitu. Je, kutoka Kindu kuna kitu?

Mtembea Msitu anajibu:

Kuna kitu kikubwa kuliko anavyodhani, lakini si cha siku moja. Magharibi ya Kindu, kuelekea mto Lomami, kuna Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa rasmi mwaka 2016, yenye kilomita za mraba 8,879, sehemu Maniema na sehemu mkoa jirani wa Tshopo. Humo wamo bonobo, tembo wa msituni, okapi, tausi wa Kongo, na kima aitwaye lesula, ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa dunia mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji wa vijiji vile walikuwa wakimfahamu tangu babu zao, na wengine walimfuga nyumbani. Nilimwona mara moja, kama dakika moja. Uso wake ni mrefu, bila manyoya, na macho yake yanakutazama kwa namna ambayo ilinifanya niteremshe darubini, kwa haya.

Ila huko hakuna lango la kukatia tiketi wala gari la watalii. Ni pikipiki, mtumbwi, na miguu, pamoja na ruhusa ya Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Mazingira, ambayo ni bora kuiomba miezi kadhaa mapema. Kwa siku kumi, na bibi yake akiwa safarini, nisingemwahidi. Badala yake mpeleke mtoni asubuhi na mapema. Julai na Agosti ni kiangazi huko, maji yanashuka, mchanga unatokeza katikati ya Lualaba, na ndege wanakuja kukaa juu yake. Akodi mtumbwi saa kumi na mbili, aende na mvuvi kutega nyavu, na aulize jina la kila samaki. Mimi niliandika majina 14 asubuhi moja, na mvuvi akanicheka kwa kuwa nilikuwa nimeandika samaki mmoja mara tatu, mdogo, wa kati na mkubwa, kila mmoja kwa jina lake.

Kadi ya mpigakura usiiache, cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia kama mtarudi kwa ndege, na vyandarua vitatu, kwa sababu mbu wa Kindu hawatofautishi mgeni na mwenyeji.

Mwalimu wa Katuba anajibu:

Basi ni treni, Kibombo kwanza, halafu Samba. Mke wangu amepokea uamuzi huo kwa kusema kwamba atatupikia bitoyo za siku kumi na saba.

Mama amenituma niulize jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Anataka kujua kama gari bado linasimama Kibombo upande ule ule wenye mti, kwa sababu siku walipoondoka shangazi yake alikuwa amesimama chini yake.

Mzee wa Njanja anajibu:

Linasimama upande ule ule. Mti upo, ingawa tawi moja lilikatwa kwa ajili ya waya. Mwambie asishukie mlango wa mbele, kituo ni kifupi na behewa la kwanza hubaki nje kwenye kokoto. Ashukie wa nyuma, na kijana atangulie kumpokea.